Pikipiki Iliyonguruma Isiende

Habari ilimkuta Binti Shafti kazini, amelala chali chini ya lori la idara ya maji, bisibisi mdomoni. Aliyemletea hakuwa ndugu. Alikuwa mlinzi wa getini, ambaye naye aliipata kwa mtu aliyetoka kwao asubuhi hiyo. Mlinzi alichuchumaa ili aonane naye uso kwa uso, akamwambia kwamba mzee wake ameanguka na pikipiki, nyonga imevunjika, yuko hospitali tangu juzi. Kisha akasitasita, akatazama pembeni, akamalizia kwamba huko kwao wanasema pikipiki yenyewe aliitengeneza yeye.

Tangu juzi. Neno hilo ndilo lililomchoma kwanza, kabla hata ya nyonga. Baba yake amelazwa siku mbili nzima na hakuna aliyeona haja ya kumpigia simu.

Alimpigia shangazi yake, aliyekuwa akikaa na mzee tangu mkewe alipofariki. Shangazi alimweleza yote bila haraka, kama mtu aliyekwisha kulisimulia jambo mara nyingi. Kaka yake alimpakia mzee nyuma ya pikipiki kumpeleka kliniki ya macho. Walipofika katikati ya mlima, injini ilinguruma kama kawaida, tena kuliko kawaida, lakini pikipiki haikwenda. Kaka akaongeza moto, ikanguruma, haikwenda. Ikaanza kurudi nyuma. Akakanyaga breki, akashusha mguu, mguu ukaingia kwenye shimo, na wote wawili wakalala upande mmoja. Kaka alichubuka kiwiko. Mzee, mtu wa miaka sabini na sita, aliangukiwa na uzito wote wa chuma kile.

"Kaka yako anasema ni klachi," shangazi alisema mwishoni. "Anasema waya wake uliukaza wewe mwezi wa pili, ukaukaza mno. Mimi sijui mambo ya klachi, mwanangu. Najua tu aliyeigusa mwisho ni nani."

Mtaani walimwita baba yake Mzee Shafti kwa sababu ya pikipiki hiyo, na jina likamwangukia binti pia, maana alikuwa haachi kumfuata. Pikipiki nyingi huzungusha gurudumu la nyuma kwa cheni. Ya Mzee haikuwa na cheni. Ilikuwa na shafti, fimbo ya chuma iliyojificha ndani ya mkono wa nyuma, ikitoka kwenye giaboksi na kuishia kwenye difu, kile kisanduku cha meno kilicho ubavuni mwa gurudumu. Shafti hailegei kama cheni, haichafui suruali, wala haipigi kelele. Ina sharti moja tu: meno ya ncha zake yapakwe grisi kila mwaka. Ukisahau, haikulalamikii. Inakaa kimya ikijila yenyewe ndani kwa ndani, mpaka siku itakapokuacha njiani.

Mambo hayo Binti Shafti aliyajua kabla hajajua kusoma vizuri. Alikua kwenye karakana ya baba yake, ile iliyopakana na nyumba, akikabidhiwa spana za kupanga wakati watoto wenzake wanaruka kamba. Kaka yake, aliyemtangulia kwa miaka minne, hakupenda mafuta chini ya kucha. Alipenda wateja. Alijua kumchangamsha mtu mpaka mtu akasahau kwamba chombo chake kiliahidiwa juzi. Walimwita Bosi tangu akiwa kijana, kwanza kwa utani, baadaye kwa mazoea. Mzee alikuwa akisema kwamba mdomo wa Bosi umepakwa grisi kuliko mashine zote za karakana, na alilisema hilo akicheka, kwa fahari.

Mtoto wa jicho alipoanza kumsumbua Mzee, karakana ilihama mikono. Hakukuwa na kikao wala tangazo. Siku moja tu kibao cha mlangoni kilipakwa rangi upya, na chini ya jina la kazi pakaongezwa maneno mawili: Na Mwana. Binti Shafti alisimama barabarani akalisoma. Mwana ni mtoto yeyote, wa kike au wa kiume, alijiambia. Lakini kila aliyepita njia ile alijua ni mwana yupi. Mwezi uliofuata aliomba kazi idara ya maji, mji mwingine, safari ya saa tano kwa basi, na akaipata kwa mtihani wa mikono ambao wanaume sita waliushindwa.

Kilichobaki kuwa chake kwao kilikuwa pikipiki ya baba. Kila mwaka, likizo ya mwezi wa pili, alikuja kuifungua na kuipaka grisi, Mzee akiwa kando kwenye kigoda, akiuliza hili na lile ili mradi waongee. Miaka minne nyuma waliibadilishia shafti, wakaweka mpya. Mzee ndiye aliyeshika tochi. Binti aligonga nukta tatu kwa ponchi kwenye shingo ya shafti, ili yeyote atakayeifunga siku za usoni ajue upande upi unatazamana na upi. Mzee akazipapasa kwa kidole gumba, maana macho yalishaanza kumsaliti, akasema: haya, sasa ina jina.

Hivyo alipoambiwa klachi, na kwamba kosa ni la mikono yake, jambo la kwanza halikuwa hasira. Alirudi nyuma kichwani, akakumbuka kila nati ya mwezi wa pili, moja moja, mpaka ya mwisho. Waya wa klachi aliupa ule ulegevu mdogo unaotakiwa, upana wa sarafu. Alikuwa na hakika. Lakini hakika ya fundi aliye mbali ni kitu gani? Alipofika hospitali, alimkuta baba yake ametundikwa mguu, uso umemsinyaa. Alimshika mkono. Mzee aliurudisha mkono wake taratibu chini ya shuka, kama mtu anayesikia baridi, na wodi ile ilikuwa na joto la kuchemsha maji.

Maneno yana miguu. Wiki ya tatu msimamizi wake kazini alimwita pembeni, akamwambia kwamba kwa sasa asiguse breki wala usukani wa gari lolote. Aendelee na vichungio na kumwaga oili. Si kwamba nakushuku, alisema, ila madereva wamesikia, na dereva akishaingiwa na hofu hata gari zima ataliona bovu. Binti Shafti aliitikia, akaenda kumwaga oili. Miaka tisa alikuwa hapo, na sasa vijana aliowafundisha walimpita wakiwa wamebeba breki mpya mikononi, wakijifanya hawamwoni.

Mzee alipasuliwa, akatiwa chuma kwenye nyonga, akarudishwa nyumbani kwenye kigari cha magurudumu. Ndipo Binti Shafti akapiga simu na kuomba kitu kimoja tu: pikipiki isiguswe na mtu, na ifunguliwe mbele ya Mzee. Bosi hakupendezwa. Alisema hakuna haja ya kufukua, ajali imekwisha, mgonjwa apumzishwe. Alisema dada yake anatafuta kujikosha. Lakini Mzee, ambaye tangu ajali alikuwa mtu wa kuitikia mh na basi, alisema neno zima kwa mara ya kwanza: "Ifunguliwe."

Wakaifungua Jumamosi asubuhi. Binti Shafti alifika na sanduku lake la vifaa. Vya karakana hakutaka kuvigusa. Pikipiki ilikuwa kwenye kona, tangi limebonyea, kioo kimoja hakipo, imefunikwa turubai kama maiti isiyo na mwenyewe. Wakaivuta mpaka kwenye mwanga, wakaisimamisha kwa stendi ya kati ili gurudumu la nyuma lining'inie hewani. Shangazi alimsukuma Mzee mpaka kizingitini, kisha akaketi nyuma yake mikono kifuani, kwa mkao wa mtu aliyekuja kushuhudia hukumu aliyokwisha kuijua. Bosi alisimama karibu na meza ya kazi na kitambaa mkononi. Alikuwa akijifuta mikono ambayo haikuwa na kitu.

Binti Shafti alianza na lile alilotuhumiwa. Aliushika mkono wa klachi, akauonyesha ulegevu wake: upana wa sarafu, vilevile alivyouacha. Akafungua kizibo cha oili ya injini, akachovya kidole, akakipeleka puani pa baba yake. Klachi ikiungua, oili hunuka, na mtu aliyewahi kuinusa hawezi kuisahau. Mzee alinusa, akatulia, akanusa tena.

"Haijaungua," alisema.

"Ilikuwa inateleza siku za nyuma?" Binti Shafti alimuuliza kaka yake. "Injini inapiga kelele na mwendo hauongezeki?"

Bosi alisema hakumbuki. Mzee akageuza kichwa upande sauti ilikotoka, kwa kuwa hilo si jambo ambalo fundi huwa halikumbuki.

Kisha binti akaweka gia ya kwanza, injini ikiwa imezimwa, akalizungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Gurudumu lililo kwenye gia hukataa. Unakuwa unasukumana na injini nzima. Hili lilizunguka kama la baiskeli ya mtoto, likitoa mkwaruzo mdogo ndani, kama mchanga unaosagwa. Akaweka gia ya pili, ya tatu. Yale yale. Alirudi mbele, akalegeza pete ya ule mpira unaokinga vumbi nyuma ya giaboksi, akaukunja, na krosi ikaonekana, kile kiungo kinachopokea nguvu kutoka kwenye gia. Akawasha injini, akatia gia, akaachia klachi polepole. Krosi ikazunguka, laini, bila kusita. Gurudumu likabaki limetulia.

Hapo tayari alikuwa amesafika, na yeye na baba yake walilijua hilo kwa wakati mmoja. Nguvu ilikuwa inatoka kwenye injini, inapita kwenye klachi, inapita kwenye gia, inafika kwenye krosi. Klachi ilikuwa nzima kabisa. Nguvu ilikuwa inapotea mbele ya safari, kati ya krosi na gurudumu. Angeweza kukomea hapo, akafunga sanduku lake, akaondoka na jina lake. Miezi mingi baadaye alijiuliza kwa nini hakukomea hapo.

Lakini fundi hakomei njiani. Alizima injini, akalitoa gurudumu. Meno yaliyo katikati yake yalikuwa yamekaa safi ndani ya ile grisi nyeusi aliyoyapaka mwenyewe. Akayapitisha kwenye vidole vya Mzee, Mzee akakubali. Akamwaga oili ya difu kwenye sinia: safi, rangi ya asali, hakuna hata chembe ya chuma inayometa. Akaizungusha difu kwa mkono, ikaitika vizuri. Zikabaki nati nne tu. Alipoipokea difu na kuivuta nyuma, shafti ikatoka pamoja nayo kutoka ndani ya mkono wa nyuma, na vumbi jekundu likamwagika sakafuni, laini, kama tofali lililotwangwa.

Vumbi hilo ni chuma kilichosagika kikavu, na shafti iliyotiwa grisi mwezi wa pili haiwezi kulitoa, hata ingeendeshwa usiku na mchana. Aliifuta ncha ya shafti. Meno yake yalikuwa yamekwisha, ufizi mtupu, kama kinywa cha kibogoyo. Aliigeuza kuelekea mwangani, akatafuta nukta zake tatu kwenye shingo. Aliitazama tena kwa makusudi, pande zote. Halafu akainuka, akaenda akaiweka kwenye mapaja ya baba yake.

Mzee aliipokea kama anavyopokewa mtoto. Vidole vyake vilianza kwenye meno, vikapita pale palipokuwa na upara, havikukaa. Vikashuka mpaka shingoni. Vikazunguka shingo mara moja, polepole. Vikarudi. Vikazunguka mara ya pili, na safari hii kidole gumba kilibonyeza kila mahali, kikitafuta. Oili ilidondoka kwenye sinia, tone kwa tone.

"Hii si yangu," alisema Mzee.

Hakuna aliyemuuliza Bosi. Alijisemea mwenyewe, akitazama kitambaa, na mdomo ule uliozoea kuteleza ulikuwa unakwama kwenye kila neno. Daktari wa mifugo alileta pikipiki ya aina ile ile mwezi wa nne, meno ya shafti yake yamekaribia kwisha. Bosi alimwahidi mpya kabla ya Ijumaa. Mpya haikufika. Daktari akaja, akaja tena, akaanza kusema kwamba karakana si ile ya enzi za Mzee. Basi akaitoa ya Mzee, akampa. Na ile mbovu akaitia kwenye pikipiki ya Mzee ili isikae wazi, Mzee asije akauliza. Ilikuwa iwe wiki mbili tu. Mpya haikuja mwezi ule, wala uliofuata. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya kusogea hapa na pale, sokoni na kurudi, na haikuonyesha shida.

"Na siku ya mlima?" Binti Shafti aliuliza.

"Nilisahau," Bosi alisema. "Wallahi nilisahau kama ni ile."

Huenda alisema kweli. Hilo ndilo lililomuuma dada yake kuliko uongo wote. Angekuwa na ubaya moyoni, angalau pangekuwa na kitu cha kuchukia. Alichokuwa nacho ni usahaulifu tu, ule wa mtu ambaye tangu utotoni kila alichokiacha nyuma kiliokotwa na wengine. Lakini hakusahau kusema ni klachi, wala hakusahau kusema ni nani aliyeikaza.

Shangazi hakuwa ameelewa habari ya meno na shingo, ila alielewa uso wa kaka yake. Wote wakamngoja Mzee. Alikuwa bado ameishika shafti ya watu mapajani. Aliinyanyua kwa mikono miwili, akamrudishia binti yake.

"Funga," alisema.

"Baba?"

"Funga, mama. Rudisha kama ilivyokuwa."

Alimwita mama tangu utotoni, kwa kuwa alikuwa amerithi jina la mama mzazi wa Mzee, na siku zote neno hilo lilimlegeza. Siku hiyo lilimwingia kama mwiba. Shangazi alimgeuza Mzee na kigari chake, wakaingia ndani. Bosi alitoka nje kwa mlango wa mbele. Binti Shafti akabaki peke yake na pikipiki iliyofumuliwa, na kwa kuwa hakuwahi maishani mwake kuiacha mashine ikiwa wazi, aliifunga. Alikaza kila nati kwa kipimo chake. Alipaka hata grisi kwenye yale meno yasiyokuwepo. Alipomaliza, ilikuwa pikipiki iliyofungwa vizuri kuliko zote katika mtaa ule, na isingeweza kwenda hata hatua moja.

Jioni baba yake alimwita chumbani. Chumba kilinuka dawa ya kuchua. Mzee alikuwa ameegemezwa kwa mito, na alianza kuongea kabla binti hajaketi, kama mtu anayehofia ujasiri utamwishia. Alisema yeye amejua, na Mungu amejua, na mwenyewe Binti amejua, na hiyo inatosha. Alisema karakana ikijulikana inang'oa kifaa cha huyu kumpa yule, mwezi hautaisha kabla mlango haujafungwa. Bosi ana watoto watatu. Ukimtoa pale, ni mtu wa kufanya kazi gani?

"Na mimi, baba?"

"Wewe una mikono. Popote utakula."

"Mikono hiyo hiyo leo hairuhusiwi kugusa breki."

Mzee alisema yatapita. Alisema watu husahau.

"Nikuulize kitu," Binti Shafti alisema. "Ingekuwa mimi niliyeibadilisha ile shafti, ungemwomba Bosi anyamaze?"

"Wewe usingeibadilisha."

"Sijauliza hivyo."

"Usingeibadilisha," Mzee alirudia, na macho yake yenye ukungu yalikuwa yamelowa. "Ndiyo maana nakuomba wewe."

Binti Shafti alikuwa na mengi ya kusema, na kila alilolishika lilikuwa na ncha. Mwisho alimwekea vizuri mto wa chini ya goti, kama muuguzi alivyomwelekeza, akatoka.

Jumapili mchana kulikuwa na kikao sebuleni. Shangazi alikuwa amekiitisha siku nyingi na hakuona jinsi ya kukifuta bila kueleza sababu. Walikuja baba mdogo na mke wake, na mke wa Bosi na watoto waliofukuzwa wakacheze uani. Baba mdogo, asiyejua lolote la Jumamosi, alitoa maneno ya hekima: ndugu ni kama ulimi na meno, haviachi kuumana, na mwenye kukosa akisema nisamehe hapungukiwi kitu. Kisha wote wakamgeukia Binti Shafti. Bosi alikuwa akihesabu maua ya zulia.

"Klachi ni nzima," alisema. "Waya ni mzima. Nilichokifanya mwezi wa pili nilikifanya sawasawa. Sina la kuombea radhi."

"Basi aliyekosea ni nani?" aliuliza baba mdogo.

Shangazi alijipangusa kitu kisichokuwepo gaunini. Mke wa Bosi alimtazama mumewe, akatazama dirishani. Binti Shafti hakumtazama kaka yake hata kidogo. Alimtazama baba yake, akangoja, na alikuwa tayari kungoja mpaka kiama.

"Chuma huchoka," Mzee alisema, akielekeza maneno ukutani. "Mashine ni mashine. Tuyaache."

Baba mdogo alishusha pumzi, akasema Mzee amenena, yaishe. Lakini hayakuisha, maana palipo na chuma kilichochoka watu huuliza ni nani aliyekuwa akikitunza, na kila aliyekuwa sebuleni alitoka na jibu lake lile lile la zamani. Mke wa baba mdogo alimwambia Binti Shafti mlangoni, kwa sauti ya upole, kwamba kiburi si kizuri kwa mwanamke. Yeye akamshukuru.

Bosi alimbebea sanduku mpaka stendi ya basi. Njia nzima hakuwa na la kusema, na kwa Bosi hilo lilikuwa kama ugonjwa. Walipofika alisema atasema mwenyewe, kwa kinywa chake, mambo yakipoa kidogo. Ampe muda tu.

"Shafti aliyonayo daktari wa mifugo inataka grisi mwezi wa pili," dada yake alimjibu. "Mwambie. Asije naye akaangusha mtu."

Akapanda basi. Hakuangalia nyuma, si kwa ujeuri, bali kwa sababu alikuwa analia na hakutaka Bosi apate kitu cha kumwonea huruma.

Bosi hakusema. Pengine mambo hayakupoa kiasi alichotaka, au yalipoa kupita kiasi, hakukuwa tena na sababu ya kuyapasha. Binti Shafti mwenyewe aliisema kweli mara moja tu, kwa msimamizi wake, akaieleza yote, vumbi jekundu na nukta tatu. Msimamizi alisikiliza mpaka mwisho, si mtu mbaya, akamwambia kwamba katika miaka yake yote kazini hajawahi kumwona fundi asiye na ndugu wa kumsingizia. Tangu hapo hakumwambia mtu. Breki alirudishiwa baada ya mwaka na miezi kadhaa, wakati fundi mmoja alipoacha kazi na hapakuwa na mwingine. Alirudishiwa kazi, jina hakuna aliyemrudishia, na madereva wawili mpaka leo huzunguka gari mara mbili kabla ya kupanda wakijua ni yeye aliyelishika.

Mwezi wa pili ulipofika hakwenda kwao. Wala uliofuata. Mzee anatembea kwa fimbo sasa, shangazi husema, na macho yalipasuliwa yakapona, anaona mpaka herufi za gazeti. Humpigia binti yake kila Jumamosi saa nne. Huulizana afya, huulizana watoto wa Bosi, huulizana bei ya vitu. Zamani simu zao zilikwisha salio wakiwa katikati ya giaboksi ya mtu.

Jumamosi moja Mzee alijaribu. Alikuwa amesikia kwenye redio kwamba mji anaokaa binti yake ulikosa maji siku mbili kwa sababu ya pampu kubwa, na akauliza, kwa sauti ya kujifanya hajali sana, kama pampu ile imepona.

"Imepona, baba."

"Ilikuwa na nini?"

Ilikuwa na jambo la ajabu. Siku mbili mafundi watano waliizunguka wakilaumu umeme, na ni Binti Shafti aliyelala kifudifudi juu ya sakafu yenye maji, sikio kwenye chuma, mpaka akaipata beringi moja iliyofungwa kinyume tangu kiwandani. Alikuwa na michubuko ya kazi hiyo kwenye viwiko hata sasa, simu ikiwa sikioni.

"Sijui, baba," alisema. "Haikuwa zamu yangu."

Mzee alingoja kidogo upande wa pili. Kisha akauliza kama huko kumenyesha, naye akamjibu kwamba kumenyesha.